Utepe Wenye Pindo

Mshona mapazia alikuwa na vitu viwili ambavyo hakupenda viguswe na mtu: mkasi wake mkubwa na rafiki yake. Mkasi aliufungia kabatini. Rafiki alimwozesha kaka yake.

Watu waliamini ndoa ile ililetwa na mapenzi, na kweli mapenzi yalikuwapo, ila mengi yalikuwa ya dada mtu. Yeye na yule binti, ambaye sasa alikuwa dobi mwenye mashine zinazotikisa ukuta wa jirani, walikuwa chanda na pete tangu wakiwa dawati moja shuleni. Marafiki huhama. Marafiki huolewa mbali. Wifi haendi popote. Hata mkinuniana, msibani mtakutana tu. Kwa hiyo alimsifia kaka kwa rafiki, akamsifia rafiki kwa kaka, akanyamazia kukoroma upande mmoja na domo upande wa pili, na jambo likawa.

Hesabu ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba haikumhesabu Indiketa.

Indiketa alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mcheshi mwenye miguu mirefu ambayo Mungu hakuifanyia ubahili. Dobi ndiye aliyemleta kwenye mchezo. Jina alilipata usiku wake wa kwanza: hata akienda kwa miguu, kabla ya kukata kona alinyoosha mkono upande anaoelekea. Mazoea ya kazi. Wenzake walicheka mpaka wakashika kuta. Mshona mapazia naye alicheka, kwa kuwa kunyamaza kungeonekana.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu wazima wenye kazi na watoto, jambo ambalo wapita njia hawakuliamini. Jumamosi moja kila mwezi, maduka yakishafungwa, walikutana kwenye kituo cha mafuta. Kura iliwapata wawindaji wawili. Waliobaki walikuwa swala, kila mmoja amefungwa utepe mkononi. Swala alitakiwa kuvuka mji mpaka ngazi za posta bila kunyang'anywa utepe. Aliyenyang'anywa aligeuka mwindaji papo hapo, akaanza kuwakimbiza wenzake wa muda mfupi uliopita kwa ukali wa mtu aliyepandishwa cheo.

Tepe zilitoka kwa mshona mapazia. Alizikata kwenye mabaki ya vitambaa, vivi hivi, nyuzi zikining'inia, isipokuwa mmoja. Utepe wa Dobi aliupiga pindo pande zote, mshono mwembamba ulionyooka, kama pazia la sebule ya mkwe. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo. Kila mwezi Dobi aliupokea, akapitisha kidole gumba juu ya pindo, akatabasamu. Yalikuwa mazungumzo ya kutosha.

Jumamosi moja mshona mapazia aligawa tepe kama kawaida, akageuka kumfungia muuza magodoro wake. Alipogeuka tena, pindo lilikuwa mkononi mwa Indiketa.

"Mbona hivyo?" alimuuliza Dobi, kwa sauti ambayo aliilainisha kwanza.

"Mbona nini, wifi?"

"Utepe."

"Aah, huo! Wake ulikuwa na nyuzinyuzi, unamwasha. Tumebadilishana."

"Unamwasha."

"Ana ngozi laini, wifi. Si kama sisi tuliobabuliwa na pasi."

"Pole yake."

Firimbi ililia, swala wakatawanyika, naye akabaki amesimama pale pale akimtazama Indiketa anavyotokomea. Indiketa alikuwa amevaa sweta. Sweta la mikono mirefu. Ngozi gani hiyo inayowashwa kupitia sweta?

Swali hilo lilimkaa rohoni kiasi kwamba mwindaji wa kwanza, fundi umeme, mtu mnene ambaye hakuwahi kumkamata yeyote, alimkuta kando ya pampu.

"Mama, unacheza au unasubiri mafuta?" akauliza, akamvua utepe.

Sasa alikuwa mwindaji. Mwindaji mwenye akili huanza na wazito. Muuza magodoro alikuwa amejificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye, tumbo limetokeza upande huu na kisogo upande ule. Mshona mapazia alimpita.

"Mama! Niko hapa!" muuza magodoro alilalamika, kwa uchungu wa mtu aliyedharauliwa.

Hakumsikia. Kwenye barabara ya maduka ya vyuma alimpita mwanamke aliyejitanda kitenge, amebeba mfuko, anatembea taratibu kama mtu aliyechoshwa na zamu. Mwanamke alikohoa. Mshona mapazia hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye taa ya mwisho, ambapo mkono mrefu ulinyooshwa kushoto.

Kwa mbio, Indiketa angemwacha mara tatu. Lakini kila kona mkono ulitangulia, naye nyuma yake alikata vichochoro, akapita kati ya mapipa ya taka, akaruka mfereji ambao mchana angeuzunguka. Wivu ni mafuta mazuri, ila huchafua injini. Kama Dobi ametoa pindo, ametoa nini kingine? Amemsimulia kicheko kile kilichowafukuzisha darasani? Amemwonyesha kovu la goti, lile walilolipata wote wawili kwa baiskeli moja?

Mkono ulinyooshwa kulia, kwenye uwanja wa nyuma ya kazini kwa Dobi.

Akasimama. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yameanikwa kamba hadi kamba, meupe, hayatikisiki. Hapo ndipo wao wawili walipojifichia tangu mchezo uanze, wakiziba midomo wasicheke. Hata hapa, basi. Chini ya shuka la tatu vilionekana viatu vya michezo.

"Toka. Nimeona viatu."

Indiketa alifunua shuka kama mtu anayetoka bafuni. "Da! Umenipataje, dada?"

"Unaonyesha mkono kila kona."

"Bado?" Akaangalia mkono wake kama umemsaliti. "Haya, chukua. Dobi alisema utanifuata mpaka hapa, na kweli."

"Dobi alisema nini?"

"Kwamba nikivaa huu, hutamwona mtu mwingine."

Kabla hajajibu, shangwe zililipuka upande wa posta, na juu yake kicheko kimoja alichokifahamu kuliko sauti yake mwenyewe.

Dobi alikuwa kwenye ngazi ya juu kabisa, kitenge begani, mfuko mapajani, utepe wake wa nyuzinyuzi mzima mkononi.

"Umenifanya mjinga," mshona mapazia alisema.

"Nimekufanya, wifi. Umenipita nusu hatua, nikakohoa makusudi. Hata hukugeuka!"

"Ulijuaje nitamfuata yeye?"

"Hapa mjini nani mwingine angemkimbiza mtu mitaa yote kwa sababu ya mshono? Nakujua wewe kuliko mlango wa kwangu."

Mshona mapazia aliyapokea maneno hayo kama tusi. Akayageuza, akaona ni sifa. Akayageuza tena, na kwa tahadhari akayaacha upande huo.

"Mimi nilikuwa chambo tu," Indiketa alisema, akikaa ngazi ya chini yao. "Wiki nzima ni wifi hivi, wifi vile. Wifi atapita wapi, wifi atakasirika vipi. Mwanzoni nilidhani nimealikwa mimi."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa na ufa. Mshona mapazia aliutambua ufa ule mara moja. Alikuwa ameishi nao miezi mingi. Ilimpendeza kuusikia kwa mtu mwingine.

"Basi mwezi ujao na mimi nipigie pindo," Indiketa aliongeza.

"Mpigie, wifi," Dobi alisema. "Roho ndogo haijengi."

Alimpigia. Alichukua uzi wa fedha uliobaki kwenye mapazia ya ukumbi wa harusi, akapitisha mshono mara mbili pande zote. Indiketa alipokabidhiwa alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga, na fundi umeme akasema hajaona utepe mzuri kama huo.

"Mzuri kuliko wangu," Dobi alisema. Alipitisha kidole gumba juu ya pindo lake, la uzi wa kawaida, akamtazama wifi yake kwa muda.

"Kidogo tu," mshona mapazia akajibu, kwa unyenyekevu.

Firimbi ikalia. Indiketa alitangulia wote, mwepesi kama karatasi, akafika kona ya kwanza, akanyoosha mkono kulia. Gari lililokuwa likija likammulika, uzi wa fedha ukang'aa, na mkono mzima ukawaka. Ulionekana mpaka kituo cha mafuta.