Sampu Juu ya Majivu

Mimi sina subira, na watu wa Busia wa pande zote mbili za mpaka wanalijua hilo. Nauza samaki. Samaki hangoji mtu, nami nimekaa naye mpaka nikafanana naye. Kwa hiyo mkinisikia namsifu mtu, tegeni sikio, maana sifa zangu hazitoki ovyo.

Kevina anakaa upande wa Uganda, nyuma ya soko, nyumba ya vyumba viwili na ua wa udongo unaofagiwa kila asubuhi. Mzaliwa wa Paya, ameolewa Busia, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yake ilikuwa kuziba sufuria za watu. Sufuria ikitoboka, kwa Kevina. Mkono wa sufuria ukikatika, kwa Kevina. Halafu siku moja malori yamepanga foleni ya kuvuka, akamkuta dereva mmoja anaziba rejeta yake, tangi la kupozea injini, kando ya barabara kwa kijiti cha madini na tochi ya gesi, hana mashine ya kuchomelea wala umeme. Kevina akasimama pale mpaka mwisho, akaomba kipande kilichobaki. Nyumbani akakijaribu kwenye sufuria mbovu, kisha akatafuta vijiti vingine. Aliharibu sufuria kumi na moja. Ya kumi na mbili ilishika, na mpaka leo anachemshia maji ya kuoga.

Tangu hapo watu wa magari wakaanza kumjia, lakini kimyakimya. Makenika gani atakubali mbele ya wenzake kwamba kipande cha injini kimetengenezwa na mama wa sufuria? Hata mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka siku pikapu yangu ilipopasuka sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini.

Pikapu ile aliniachia marehemu mume wangu, Rasto. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha, ndiyo inayonitolea samaki ziwani Majanji, na nikikanyaga klachi vibaya bado namsikia Rasto akinigombeza. Shemeji yangu John Paul, kule nyumbani Kiyeyi, aliiona mzigo tu. Kwenye kikao cha ukoo alisema, na wazee wakakubali: Jumamosi gari lije nyumbani kwa magurudumu yake. Likifika zima, ni la Mildred, yaani mimi, na maneno yaishe. Likivutwa kwa kamba, au lisipofika, linauzwa chuma chakavu. Basi Alhamisi, natoka Majanji na mzigo, nikapanda jiwe. Mungu ana mzaha wake.

Paddy, makenika wangu, aliifungua sampu akanionyesha ufa wa urefu wa kidole. Alisema hiyo ni alumini, ukiigusa na mashine yake ya kuchomelea vyuma inayeyuka na kubaki tundu. Nyingine ingetoka Kampala, pengine Jumatano. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Akaningoja nimalize, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba nijaribu kwa Kevina.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea, nikamweleza habari ya Jumamosi. Aliiosha sampu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara tatu. Akaiweka juu ya jiko la makaa hadi oili iliyojificha ndani ya ufa ikatoka kama jasho, akaifuta, akaiosha tena. Akatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa, ili ufa usiendelee kutembea. Kisha akaleta brashi ya waya iliyofungwa ndani ya kitambaa safi, kama Biblia ya mtu. Brashi hiyo haijawahi kugusa kitu kingine ila alumini, na ole wake atakayeisugulia kutu. Akasugua hadi mahali pale pakang'aa, akaniambia nisiguse, akaingia ndani kuchukua gesi.

Alikawia. Mimi na kungoja hatuivi chungu kimoja. Niliinuka, nikapitisha kidole juu ya ule ufa kuona kama kweli umesafika.

Aliporudi, aliiweka sampu tena juu ya jiko, matofali pembeni kuzuia upepo. Akachora mstari wa sabuni ya kipande karibu na ufa, akawasha tochi. Anatazama sabuni tu, ndiyo kipimo chake cha joto. Ilipogeuka rangi ya chai, akangoja. Ilipokuwa kama kahawa, akaondoa moto kidogo, akasugulia kijiti juu ya ufa. Kile kijiti hakiyeyushwi na moto wa tochi, kinayeyushwa na joto la sampu yenyewe. Kikatiririka ndani ya ufa kama siagi kwenye kiazi cha moto. Nilifurahi mpaka nikasikia njaa, tena kulikuwa na harufu nzuri ya samaki wa kukaanga, nikauliza ni jirani gani anayepika mapema hivyo. Kevina alikuwa ameinama kazini.

Mtu mwingine angenipa sampu yangu niende. Kevina ana desturi ya mafundi sufuria, haachi kitu kitoke uani bila kukijaribu juu ya majivu. Sampu ilipopoa aliiweka juu ya matofali mbali na moto, akachekecha majivu makavu chini yake, akamimina mafuta ya taa ndani, maana mafuta ya taa hupita hata pale maji yanaposhindwa. Tukakaa. Baada ya nusu saa, katikati ya majivu meupe kulikuwa na doa moja jeusi.

Hapo nilipandisha hasira. Nilimwambia yeye ni fundi wa sufuria, abaki na sufuria zake. Nilimwambia amenichomea gari la mume wangu. Nilisema kwa sauti ya sokoni, majirani wakatoka milangoni. Mama wa watu amekaa juu ya kigoda chake, mikono magotini, ananitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nilipoishiwa pumzi, akauliza swali moja.

"Ile harufu ya samaki ulisema unasikia. Nani alikuwa anakaanga?"

Nilitazama majirani. Hakuna jiko lililokuwa linawaka. Nikatazama kidole changu. Asubuhi ile, kabla ya kuja kwake, nilikuwa nimepasua mbuta wanne, wale sangara wanono, na mafuta ya mbuta hayatoki kwa kupangusa kwenye leso. Kidole changu ndicho kilichokaangwa pale. Kijiti kilikuwa kimekataa kushika mahali pamoja tu, padogo, pa ukubwa wa ncha ya kidole cha mtu.

Kevina angeweza kuniaibisha mbele ya wale majirani, na haki ilikuwa yake. Badala yake alimwaga mafuta ya taa, akakwangua kazi yake yote, akaanza tena kwenye maji ya moto na sabuni. Gesi iliyobaki ilikuwa kidogo, kwa hiyo safari hii aliachia jiko la makaa lifanye kazi kubwa, tochi ikamalizia tu. Mimi nilikaa mbali, mikono chini ya makalio. Jioni majivu yalikuwa meupe pote, na bado sikumwomba msamaha. Ulimi wangu ni mwepesi kwa matusi tu, lazima niseme ukweli.

Jumamosi Paddy alifunga sampu, akajaza oili. Kevina akaja amevaa gomesi, gauni la siku za heshima, akapanda mbele. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kazi yangu nakwenda nayo mara ya kwanza," akasema. "Kama inavuja, inavuja mbele yangu."

Tulipita Tororo, tukakata kwenda Kiyeyi, kila shimo moyo wangu unashuka. Tukafika kwa magurudumu yetu. John Paul hakutoa salamu ndefu, aliinama moja kwa moja chini ya gari. Kevina akaomba majivu jikoni, akayatandaza chini ya injini, akasema tule kwanza. Tulikula, hakuna aliyesikia ladha. Baadaye wazee wote walikwenda kuangalia. Majivu yalikuwa makavu, na nyayo za kuku mmoja juu yake.

John Paul akasema gari ni langu. Akauliza fundi ni nani. Nilisimama mbele ya ukoo wa Rasto, mimi nisiyejua kuomba radhi hata kanisani, nikanyoosha kidole changu.

"Hiki ndicho kilichoharibu, nikamtukana yeye. Mikono ya huyu mama ndiyo iliyotengeneza. Kevina, nisamehe."

Alinikubalia kwa kichwa tu, akarudi kwenye chai yake. Siku hizi nikifika uani kwake nanawa kwa sabuni kwanza, ndipo nimsalimie.