Matundu Sita ya Chesisi

Mambo ya kuvuta nilifundishwa na plau. Baba alinikabidhi maksai wanne kabla sijaota ndevu, na nikalimia watu kutoka Tawa mpaka juu Kikima. Shule niliiacha darasa la tatu. Kilichosoma ni mkono wangu. Mwanamume niliyempiga kofi alilala, na waliolala ni wengi, wengine bado wako hai na wanapita ng'ambo ya barabara wakiniona. Kwa mkono huo nilijenga nyumba ya mawe ya kwanza upande wetu wa mlima, na miaka ya themanini nikanunua gari, foowili ya mgongo mrefu inayovuta kwa magurudumu yote manne, kwa mzungu mchimba visima aliyekuwa anarudi kwao.

Gari hiyo haikuwa na mahali pa kufunga trela, na mimi nilitaka trela. Kule Ikutha kulikuwa na fahali wenye nyama, lakini walitembezwa kwa miguu siku kadhaa hadi kwetu na kufika mifupa mitupu. Nikasema mimi nitawaleta wakiwa wamesimama kama mabwana.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Tawa. Alikuwa amenizidi miaka kidogo, mwembamba, na tuliabudu kanisa moja. Nusu ya mageti ya huko yalitoka mikononi mwake. Akaingia chini ya gari, akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Tajiri, hapa tutoboe chesisi. Matundu sita, matatu kila upande, tukaze bolti na bamba ndani na nje. Hapo hata ukivuta kanisa, litakuja."

"Utoboe gari yangu?"

"Chesisi ndiyo mfupa. Bampa ni ngozi tu."

"Wewe umewahi kulima na ng'ombe?"

"Nimelima."

"Ulimtoboa shingo ndiyo avute? Nira inakaa juu juu, mnyororo unalegea kidogo, na udongo unapinduka. Chukua kulabu hii ya plau na mnyororo wake, choma kwa bampa."

Watu waliokuwa wakingoja kazi zao wakacheka. Ndugu yangu mdogo, aliyekuja na mimi, akacheka pia. Fundi akavaa miwani yake nyeusi.

"Nitachoma kwa sababu gari ni yako," akasema. "Lakini ndugu yako amesikia nilichosema."

Nikanunua trela, tukatoka Ikutha na fahali watatu. Ndugu yangu alipanda nao kwenye trela, akiwashika kamba. Tambarare yote ile trela ilikuja vizuri, nikapiga honi kila soko ili watu watoke waone. Lakini mnyororo uliolegea haupendi mlima. Ng'ombe akihisi uzito huinama, akauvuta polepole. Gari haliinami. Tulipokuwa tunapanda kutoka Tawa kwenda Kikima, kila nikibadilisha gia mnyororo ulilegea, kisha ukakaza kwa kishindo, na kila kishindo nilikisikia mgongoni kama teke.

Kwenye kona ya tatu bampa yote iling'oka. Ilitoka na ule mlio wa kupasua bati, gari likaruka mbele kwa wepesi, na kwenye kioo nikaona trela ikirudi nyuma na ndugu yangu ndani yake amekumbatia shingo ya fahali. Iligonga ukingo, ikapinduka. Nilipofika, fahali mmoja alikuwa na pembe imezama kwenye tumbo la mwenzake, na matumbo yalikuwa barabarani yakitoa mvuke. Wa tatu alikuwa amelalia mguu wa ndugu yangu na kurusha mateke, na kila teke lilisaga mfupa. Nilimchinja pale pale ndiyo aache kurusha. Damu yake ilimjaa ndugu yangu machoni na mdomoni. Hakulia. Alikuwa anauma mkono wake mwenyewe.

Nilimpeleka hospitali, kisha nikashuka Tawa na spana kubwa ya magurudumu. Fundi alikuwa amechutama akisugua geti. Sikumsalimia. Pigo la kwanza aliinua mkono kujikinga, na mkono ukavunjika juu ya kiwiko, nikausikia. La pili lilimwangusha juu ya geti lake. Watu wanne walinishika, na wanne hawakutosha, akaja wa tano.

"Kuchoma kwako kumeoza," nilimwambia akiwa chini. Na maneno hayo nikayapeleka Kikima, nikayapeleka mpaka mlango wa kanisa. Mimi nikisema jambo linasikika. Kabla ya mwezi kwisha watu walikuwa wanarudisha mageti yake, na baraza ya karakana yake ikaota majani.

Ndipo alipotuma neno kwamba anataka tupige kithitu. Hicho ni kiapo chetu Wakamba: kile kitu kinawekwa juu ya mawe, unakipiga kwa vijiti huku unasema maneno yako, na ukiwa na uongo, watu wa nyumba yako wanaanza kufa. Nikamwendea mchungaji mwenyewe anisaidie kumzuia. Mchungaji akamwonya mbele yangu kwamba tutafukuzwa kanisani sote wawili.

"Kanisa litanirudisha nikitubu," fundi akajibu, mkono wake umefungwa ubao. "Jina langu nani atanirudishia?"

Nikakubali, maana sijawahi kuitwa nikakosa kwenda. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilimwona ndugu yangu hospitali. Mguu walikuwa wameukata chini ya goti.

"Nimesikia kesho unaapa," akasema.

"Naapa."

"Basi chimba kaburi leo, usisumbuke kesho. Kithitu kikiingia nyumbani kwako kitaanza na aliye karibu na mlango. Ni mimi. Na mimi nilisikia alichokuambia."

Asubuhi nilisimama mbele ya kile kitu na vijiti mkononi. Watu walikuwa wengi, walitaka kuona nikianguka. Nimepigana na wanaume watatu kwa mara moja, lakini kile kitu sikukipiga. Nikaviweka vijiti chini.

"Alinishauri tutoboe," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Nilikataa mimi. Kuchoma kwake hakukuoza. Balaa hili nililivuta mwenyewe kwa kulabu ya plau."

Fundi hakunipa mkono. "Lete gari," akasema. "Na uje peke yako."

Nilipofika karakana aliweka jeki chini ya ekseli, akainua, nami nikasogeza mawe chini ya gari kwa usalama. Akanitupia drili ya mkono.

"Mkono wa kutoboa uliuvunja wewe. Utatoboa wewe."

Nikaingia chini kwa mgongo. Chuma kigumu kile, unazungusha mpaka mabega yanawaka na vipande vya moto vinakuangukia shingoni. Nilipomaliza tundu la kwanza nikasikia mawe yanaburutwa. Alikuwa anayatoa kwa mguu, moja moja, hadi gari lote likabaki juu ya jeki, na chesisi ikiwa shibiri moja kutoka kifuani kwangu. Miguu yake ikasimama kando ya mpini.

"Fundi," nikasema. "Hiyo jeki ni nzima?"

"Ilivunjika mguu mwaka jana."

"Na sasa?"

"Nimeichoma mimi."

Nilitazama pale chini ya jeki. Ule mshono wa chuma ulikuwa karibu na sikio langu, mnene, umelala vizuri kama ukili wa mkeka. Ningeweza kutoka. Hakuna aliyenishika.

"Yamebaki matano," akasema.

Nikazungusha drili. Nilitoboa yote sita kwa mkono, nusu siku, chini ya ile jeki, na haikusogea hata unywele. Na matundu yangu yamenyooka, mtu yeyote anaweza kuja kuyaona.