Mwanza Niliyoisimulia Kabla ya Kuiona

Sisi tuliokulia Bariadi wakati maduka yalipoanza kujaa tena, tuliijua dunia kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Mtu akirudi kutoka Mwanza, hata kama alikwenda kununua betri za redio tu, watoto tulimfuata hadi mlangoni kwake na kumnusa nguo. Watu wazima walisema sasa mambo ni ruksa. Kwetu sisi ruksa ilikuwa sabuni yenye harufu, biskuti za kuhesabiana moja moja, na mashati ya mitumba yaliyofika magotini, ambayo mama alikataa kuyapunguza kwa sababu "utakua tu". Nililivaa shati langu la bluu miaka mitatu kabla halijanitosha, na lilipoanza kunitosha likachanika.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mwamapalala. Nchi yenyewe ni tambarare. Baba alikuwa akisema kwetu ukimpoteza ndama asubuhi, utaendelea kumwona akipotea mpaka jioni. Tulisoma, tukirudi tunakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, halafu tunakwenda kuwapokea wakubwa ng'ombe. Na huko machungani kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: anayesimulia hainuki. Ng'ombe wakianza kuelekea kwenye shamba la pamba la watu, wasikilizaji ndio wanaokimbia kuwarudisha, na msimulizi anawasubiri mpaka warudi, kisha anaendelea pale alipoishia.

Mimi, Mabula, nilikaa chini karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nasimulia Mwanza. Sikuwa nimefika Mwanza. Nilichokuwa nacho ni kalenda iliyotundikwa dukani kwa baba mdogo, yenye picha ya mawe makubwa yaliyosimama ndani ya maji na nyuma yake mlima uliojaa nyumba. Nikaitazama kalenda ile mpaka mwaka wake ukaisha, na baba mdogo hakuitoa kwa sababu ilificha ufa wa ukuta. Kutoka kwenye picha hiyo moja nilijenga safari nzima. Niliwaambia wenzangu kwamba Mwanza nyumba zimepandana hivi kwamba mama akimwaga maji ya vyombo mlangoni, yanaangukia kwenye sufuria ya jirani wa chini. Niliwaambia kwamba lile jiwe la majini lina ngazi, na juu yake anakaa askari mwenye filimbi. Na jambo walilolipenda kuliko yote, niliwaambia kwamba mawe ya mlimani yamefungwa minyororo minene kama paja la fahali, yasije yakaporomokea watu.

"Minyororo hiyo nani anaikaza?" Masunga aliniuliza siku moja, akihema, maana alikuwa ametoka kuwarudisha ng'ombe wa kwao na wa kwetu pia.

"Kuna fundi wake. Kila Jumamosi anapita na spana."

Masunga aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alikuwa rafiki yangu wa damu. Aliniamini kwa namna ambayo siku hizi sioni mtu akimwamini mtu. Mwingine akicheka, Masunga ndiye aliyekuwa akimkemea: "Wewe umefika? Mwenzako amefika."

Kisha akaja Minza. Alikuwa msichana wa umri wetu, aliyeletwa kutoka Mwanza kuishi na bibi yake, jirani yetu, na akapewa mbuzi wa bibi awachunge pamoja nasi. Siku ya kwanza alikaa kimya akisikiliza. Nilipofika kwenye minyororo, akatoa jani la nyasi mdomoni.

"Mimi nimezaliwa Mwanza," alisema. "Sijaona mnyororo hata wa mbwa."

Wote wakanigeukia.

"Labda hukuangalia vizuri," Masunga alimjibu.

"Haya. Ulifikia mtaa gani?" Minza aliniuliza mimi, si yeye.

"Kwa shangazi. Karibu na jiwe."

Alicheka mpaka mbuzi wakainua vichwa. "Karibu na jiwe! Ni kama kusema Bariadi ulifikia karibu na pamba."

Hata Masunga alitabasamu kidogo, kisha akajuta na kuangalia pembeni. Kutabasamu kule ndiko kulikoniuma. Wengine wangeniita muongo, ningezoea. Lakini Masunga alikuwa amekimbia mwaka mzima juani kwa ajili ya minyororo ile. Nikaapa kwamba likizo haitaisha kabla sijafika Mwanza, nikirudi nina ukweli mkononi.

Shangazi kweli nilikuwa naye huko. Kwetu tunamwita sengi. Nilimlilia mama siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mguu wako umeota bawa, na bawa halifungwi kamba," akanifungia mfuko wa michembe na kuku jike. Kituoni alitukabidhi sote wawili kwa dereva. Kuku aliwekwa mbele karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la mchele. Tulipofika upande wa Kalemela nikaona ziwa kwa mara ya kwanza, na nilidhani ni mbingu imedondoka pembeni. Nilitaka kumwambia mtu. Nikakumbuka kwamba kwa hesabu zangu mwenyewe nilishaliona.

Sengi aliishi Igogo, mlimani. Alinipokea stendi, tukapanda njia nyembamba kati ya kuta na mawe, yeye mbele akiwa na kuku kichwani, mimi nyuma nikihema kama ng'ombe wa jembe. Alipofungua mlango nilisimama nikaduwaa. Ndani ya sebule kulikuwa na jiwe. Si jiwe la kukalia. Jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, limeingia kutokea mlimani, na ukuta umejengwa kulifuata mgongo. Sengi alikuwa amelivisha kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, juu yake akaweka redio na picha ya harusi yake.

"Sengi, mbona hamkulitoa?"

"Tungelitoa tulipeleke wapi? Sisi ndio tumelikuta."

Asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kuuza mitumba, alinipa ruhusa ya kuutazama mji peke yangu. "Usipande mawe na kandambili," alisema. "Na watu wazima uwasalimie. Usiniaibishe."

Nilitii kuliko alivyotarajia. Kila mtu mzima niliyekutana naye kwenye njia ile nilichuchumaa na kumwamkia, "Mwangaluka," kama tulivyofundishwa nyumbani, nikasubiri aniitikie hadi mwisho. Kijijini ungekutana na watu watano mpaka mtoni. Pale walipita kama siafu. Jua lilipanda, mimi bado niko chini ya mlango wa sengi, magoti yakiniuma. Wengine walicheka, wengine walinipita mbio, mzee mmoja alinirudishia salamu kwa furaha hadi akasahau alikokuwa anakwenda.

Mama mmoja aliyekuwa akifua mlangoni kwake ndiye aliyeniokoa.

"Wewe umetoka Bariadi, si ndiyo?"

"Umejuaje, mayu?" nilimuuliza, kama tunavyowaita kina mama kwetu.

"Hapa nani tena anachuchumaa kwenye ngazi? Utafika lini unakokwenda?"

Nikamwambia natembea kuangalia mji. Kisha nikamuuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu nikiwa peke yangu. "Mayu, minyororo iko upande gani?"

"Minyororo ipi?"

"Ya kufungia mawe."

Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hadi nikaiamini. Aliniangalia, akaliangalia jiwe kubwa lililosimama juu ya paa lake, akaacha kufua. "Mama Neema!" aliita kuelekea chini. "Njoo usikie mambo ya huyu!" Mama Neema akatoka, akasikia, akamwita wa chini yake. Kicheko kiliteremka mlima mzima, nyumba hadi nyumba, nami nimesimama juu yake.

"Mwanangu," yule mama alisema akijifuta machozi kwa kiwiko chenye povu, "haya mawe yamekaa tu."

"Na yakianguka?"

"Yalikaa kabla yetu. Tunayaamini, nayo yanatuvumilia."

Alinipa kipande cha mapanki, yale mabaki ya sangara yaliyokaangwa, nikala nikilamba vidole. Kisha akamwaga maji yake ya kufulia. Yalitiririka juu ya mwamba, yakapita pembeni, na kutoka chini sauti ikafoka, "Jamani, sufuria yangu!"

Niliruka kwa furaha. Kitu kimoja kati ya uongo wangu kilikuwa kweli!

Nikateremka hadi ziwani. Jiwe la kwenye kalenda lilikuwepo, dogo kuliko nilivyolikuza, halina ngazi wala askari, juu yake ndege wamelipaka mavi meupe. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma askari wangu mwenye filimbi, maana nilikuwa nimemzoea. Halafu nikapanda mlima mwingine, peku, kandambili mkononi, mpaka juu kabisa. Mabati ya mji wote yalimeta chini yangu, mawe yamebebana bila kushikwa na mtu, watoto wanakimbia kati yake bila hata kuyaangalia. Nilisahau kwamba nilikuja kutafuta ushahidi. Nilikaa tu. Nadhani siku ile ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa kutokaa mahali pamoja, ambao mke wangu bado anautafutia dawa.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeamua. Machungani, mbele ya wote, nilikiri kwamba safari ya kwanza haikuwepo. Hakuna minyororo, hakuna fundi, hakuna askari. Walipiga mluzi. Minza akapiga makofi. Masunga alichora chini kwa fimbo.

"Lakini sasa nimefika kweli," nikasema, "nami nitawaambia nilichokiona." Nikawaambia habari za sebule ya sengi: jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, limevishwa kitambaa, redio juu yake.

Nikamgeukia Minza anishuhudie.

"Jiwe ndani ya nyumba?" alisema polepole. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao Mwanza walikaa chini kwenye tambarare, na alikuwa hajawahi kupanda mlima ule hata mara moja. "Hapana, Mabula. Hapo umezidi."

"Wallahi, limevaa kitambaa!"

"Na viatu je, limevaa?" mmoja akadakia, wakaangua kicheko.

Masunga peke yake hakucheka. Aliinua macho. "Mwanzo ulitudanganya kwa sababu hukufika," alisema. "Sasa umefika, na bado unatudanganya." Akaninyooshea fimbo kuelekea kwenye shamba la pamba, ambako fahali wa kwao alikwishaingiza kichwa. "Nenda kawarudishe."

Nilikwenda. Niliwarudisha ng'ombe kiangazi kile chote, na masika yaliyofuata. Tulibaki marafiki, tukasoma sekondari pamoja, tukachezeana harusi. Lakini habari za lile jiwe hatukuzigusa tena, kama watu wasivyogusa kidonda kilichopona vibaya.

Leo kwetu Simiyu ni mkoa, tulikochunga kumepimwa viwanja, na binti yangu ameiona Mwanza yote kwenye simu akiwa amelala kitandani, miguu ukutani. Nilipomwambia nimpeleke akaione, alisema, "Baba, nimeshaiona." Hakuwa amedanganya hata kidogo, na hilo ndilo lililonisikitisha. Watoto wetu hawasemi uongo juu ya miji, kwa sababu hawaihitaji kiasi hicho. Kwao swali linaulizwa na kujibiwa kabla hata ng'ombe hajageuka. Sisi ilibidi mtu akimbie juani ili asikie mwisho wa jambo, na ndiyo maana mwisho ule tuliukumbuka.

Mwezi uliopita simu yangu iliita. Alikuwa Masunga, amempeleka mama yake Mwanza kutibiwa macho, amefikia kwa shemeji yake mlimani. Hakunisalimia, jambo ambalo si tabia yake.

"Mabula, niko sebuleni kwa watu hapa."

"Ehe?"

"Kuna jiwe."

Nilisikia televisheni ikizungumza nyuma yake, na mtoto akiimba.

"Lina kitambaa?" nikauliza.

"Cheupe. Wameweka televisheni juu." Akakohoa. Tuna miaka arobaini na kitu sote wawili, yeye ana wajukuu wawili tayari. "Uko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Nimekaa nje."

"Basi kaa hapo hapo, usiinuke," Masunga alisema. "Ng'ombe nawarudisha mimi."