Mnapumzika au Mnalala?

Mama alizaliwa kisiwani Ukerewe, katikati ya ziwa, akaolewa Maswa, na mimi siku zote nimeona kwamba ndoa ile ilimwonea. Maswa hatuna ziwa. Tuna pamba, ng'ombe na vumbi, na kisima ambacho wakati wa kiangazi kilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakulalamika. Ila siku ya mnada, akinunua dagaa, aliwanusa muda mrefu kuliko mnunuzi anavyohitaji, na wauzaji walimcheka.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia kwetu na malori yao, na baba akalipwa taslimu siku hiyohiyo. Furaha ikampanda kichwani. Akatangaza kwamba tunakwenda kutembea Mwanza, yeye, mama, mimi na wadogo zangu. Ubishi ukaanza kabla hata hatujafunga mizigo: tutafikia wapi?

Kwa baba hilo halikuwa swali. Dada yake alikuwa na nyumba Buswelu.

"Mtu mwenye ndugu mjini analalaje gesti? Si kumtukana huko?"

"Wifi yangu nampenda," mama akasema. "Lakini kwake ziwa hulioni wala hulisikii. Nipe usiku mmoja tu, baba watoto, nilale nikiyasikia maji. Kisha nipeleke unakotaka."

Aliomba hivyo kila jioni, bila kupandisha sauti. Bandu bandu huisha gogo. Baba akakubali.

Tulishuka Mwanza mchana, tukaenda Kirumba kwenye gesti mpya. Miaka ile gesti ziliota mjini kama uyoga, na hii ilikuwa bado inanuka rangi. Kutoka barazani, katikati ya mabati ya majirani, ziwa lilionekana. Mama akatua kikapu chini, akasimama akilitazama. Sijawahi kumwona ametulia vile, wala kabla wala baadaye.

Ndani tulimkuta dada wa mapokezi.

"Shikamooni. Karibuni. Mnapumzika au mnalala?"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu kwa upole wa mtu asiyewahi kulala gesti. "Tupumzike kwanza, safari imetuchosha. Kulala tutalala baadaye."

Yule dada akatutazama sisi watoto, akamtazama baba, akaangua kicheko. Mimi nilikuja kuelewa nilipokuwa mkubwa: kupumzika ni kwa wale wanaochukua chumba kwa saa, mchana, kisha kila mmoja anashika njia yake. Baba alielewa papo hapo. Alijulia wapi, sijui hadi leo. Uso ulimwiva kwa aibu. Akabeba sanduku.

"Twende kwa dada."

"Nimekosea nini?" mama aliuliza njiani. Baba akakaza mwendo.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele, akachinja kuku, akampa mama kitanda chake mwenyewe. Mtu kama yule huwezi kumlaumu, na mimi nilijaribu sana. Mama alipika naye, akasukwa nywele, akacheka. Ila alikunywa maji kupita kiasi, kikombe baada ya kikombe, hadi shangazi akauliza kama mboga imezidi chumvi.

"Hapana, wifi. Haya maji yametoka wapi?"

"Ya bomba hayo, nanunua kwa mkokoteni."

"Na bomba linayatoa wapi?"

"Si ziwani, wifi?" shangazi akacheka. Mama akajimiminia mengine.

Siku ya kurudi baba aliahidi kwamba mwakani tutakuja tena, naye mwenyewe atatafuta mahali pa heshima karibu na maji. Alisema kweli kutoka moyoni. Mwaka huo ulipofika, mvua ikakataa, pamba ikakauka shambani, na mwaka uliofuata kukawa na jingine. Mama tulimzika Maswa, na siku ile upepo ulitupiga vumbi mpaka machoni.

Juzijuzi nilikwenda Mwanza na wanangu. Nikachagua chumba ambacho dirisha lake liko juu ya mawe na maji. Watoto wakakimbilia televisheni. Mimi nikaketi kitandani alasiri nzima, dirisha wazi. Maji yalikuja, yakapiga mawe, yakarudi. Sauti nzuri, sikatai, lakini haikuniambia kitu. Mimi ni mtoto wa Maswa. Nilitamani mama awe ameketi pale kando yangu, anieleze nisikilize nini.