Benchi la Wasikilizaji

Jumatano, 12 Februari. Theluji iliyeyuka juzi, usiku ikaganda tena, njia yote inateleza.

Tulitoka mtaani kwetu Hallonbergen alfajiri, mimi na mdogo wangu, metro kisha basi mpaka huko mashambani wanakoishi baba wa mtoto wake na mtoto mwenyewe. Kesi ndiyo hiyo: binti wa miaka saba akae kwa nani.

Mahakama yenyewe ni jumba la zamani la rangi ya manjano, msingi wa mawe makubwa, madirisha yanaanzia juu ya kichwa changu. Mlinzi aliniona natazama, akanieleza kwamba zamani wakulima walikuja na farasi, mazizi yalikuwa nyuma pale panapoegeshwa magari, na wazee waliokaa na jaji walilala ghorofani mpaka kesi ziishe. Labda sikumwelewa vizuri, Kiswidi changu ni cha kazini. Ila nilijipa moyo, nikafikiri basi ni kama baraza la kwetu Kivu: matofali mpaka kiunoni, juu nguzo tu na bati, ili walio nje wasikie, na mwenye kujua kitu anyooshe mkono aseme. Kwetu kesi ya mtoto haikatwi kabla ndugu hawajasema.

Shemeji, huyo baba wa mtoto, alikuwa kwenye korido, kwenye benchi moja lililokuwepo. Alisogea tukae. Lazima niliandike hilo.

"Shemeji, umevaa kama unaolewa leo," akaniambia.

"Na hiyo suti, mwenyewe anajua umeivaa?" nikamjibu.

Hata mdogo wangu alicheka.

Ndani, jaji anakaa juu, kwenye jukwaa la mbao. Wasikilizaji wako mwisho kabisa, nyuma ya kizuizi kinachonifika gotini, hata mtoto angekiruka. Wakili alipomaliza pakawa kimya, nikadhani ni zamu yetu. Nikasimama.

"Mimi ni dada yake mkubwa. Nina neno juu ya wote wawili."

Jaji akainua kiganja, bila hasira, siwezi kusema alinionea. Mkalimani akageuka: "Mama, anaomba ukae. Ukisema tena utatolewa nje."

Nikakaa. Wakaendelea kumzungumzia mtoto niliyemwogesha mimi siku alipozaliwa, na mimi mikono mapajani.

Kwenye basi mdogo wangu akauliza, "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "ulitaka kusema nini?"

"Kwamba wewe ni mama mzuri."

"Na yeye?"

"Kwamba anamsuka mtoto vizuri. Amejifunza, mistari imenyooka."

Akageukia dirisha. "Basi jaji amenisaidia kwa kukunyamazisha."

Sijui kama alitania. Sijui pia kama kusimama kwangu kumemharibia. Hukumu itakuja kwa posta, na hapa hakuna mtu wa kumwendea nyumbani jioni, ukaketi, ukamwomba afikirie tena.

Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mdogo wangu alikula angalau kidogo, nashukuru. Mimi nilishindwa kumaliza.