Amina ya Matroni

Matroni wa kambi ya vijana wa kanisa hukunja mablanketi huku akizungumza, na pembe zikipishana hulikunjua blanketi lote akaanza upya. Husema polepole, kama anayebembeleza mtoto mchanga. Niliitwa kumchukua binti yangu aliyefukuzwa, kwa kuwa alikiri mbele ya wenzake kwamba simu iliyofichwa chini ya godoro ni yake.

“Si yake, mama,” matroni aliniambia bila kuinua macho. “Ni ya rafiki yake. Nilimwona huyo rafiki akiificha.”

Nikamwambia akamweleze mchungaji upesi, maana katika ukoo wetu hajawahi kufukuzwa mtu.

“Nilikuwa nakwenda, binti yako akaning'ang'ania mkono: ‘Mwenzangu akifukuzwa, kanisani harudi tena.’ Mkaidi huyo, sijui karithi wapi! Mimi ndiye niliyewafundisha wasiseme uongo, na ndiye niliyewafundisha kubebeana mizigo. Sasa nishike lipi?”

Mchungaji akaingia, akamuuliza kama kuna jipya. Matroni akanitazama.

“Simu ni ya mwanangu, mchungaji,” nikasema.

Matroni akafumba macho, akasema amina, na mpaka leo sijui aliitikia nini.