Bati Lililotundikwa Mlangoni pa Vénuste

Ukimpelekea Vénuste Mbonigaba boti pale Rubona, kando ya ziwa, hatakuuliza kwanza habari za watoto. Atalizunguka tumbo la boti likiwa nchi kavu juu ya reli, akigonga bati moja baada ya jingine kwa nyundo ndogo, sikio limeinama. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu hujibu kama beseni la plastiki. Hapo huchora duara kwa chaki, na kilichomo ndani ya duara hukatwa chote. Kubandika kiraka juu ya kutu hakubali. Wenye boti humwita mgumu, na ni mgumu kweli. Natamani mji wetu ungekuwa na wagumu wengi wa namna yake.

Kazi hii alijifunza Goma, kabla familia yake haijarudi Rwanda. Sasa ana miaka hamsini na tisa na goti bovu la kushoto, na moto wa kuchomelea unashikwa na binti yake, Kamikazi. Sheria ya karakana yao ni moja: bati hugongwa nje, kisha hugongwa ndani.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Vénuste aliivunja sheria hiyo.

Boti ilikuwa Umurava, ya mfanyabiashara Gakwaya. Kwaya yetu ya watu arobaini na wawili ilikuwa iende nayo Karongi Jumamosi, kwenye harusi ya mwenzetu. Vénuste alikata mabati matatu, Kamikazi akachomelea mapya. Mzee akagonga nje yote. Lakini kushuka ndani, chini ya mbao za sakafu, goti likakataa, naye akalisikiliza goti. Akaandika jina lake kwenye karatasi ya ukaguzi.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kuitazama ikishushwa majini. Gakwaya alikuwa na furaha, fundi wake wa injini, Gad, amekwisha kushika kamba. Jua lilikuwa bado chini, likipiga ubavuni. Kwa mwanga kama huo mbavu za boti, vile vyuma vinavyoishikilia kwa ndani, huonekana hata kwa nje, maana bati hubonyea kidogo kati ya ubavu na ubavu. Vénuste alikuwa akipita karibu na nyuma ya boti. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye chuma.

“Musishushe,” alisema.

“Yewe! Mzee, nini tena?” Gakwaya akauliza. “Nyundo yako si ilisema iko muzuri?”

“Hapa ilijibu nzito. Nilifikiri ubavu iko nyuma yake. Tazama, Gakwaya: ubavu iko hapa, na ingine iko kule. Hapa katikati haina kitu. Sasa uzito ilitoka wapi?”

Gad aliangalia viatu vyake.

“Donc kwa sababu ya sauti, mi nikose safari?” Gakwaya alipaza sauti mbele yetu sote. “Karatasi iko na jina lako!”

“Ndiyo maana nairudisha.”

Aliichukua ile karatasi mkononi mwa Gakwaya, akalikata jina lake kwa kalamu. Kisha akapanda ngazi, akashuka ndani ya boti kinyumenyume, Kamikazi amemshika mkanda wa suruali. Tulisikia patasi ikivunja kitu kigumu. Alipotokeza kichwa, mkononi alikuwa na kipande cha simenti.

“Gad. Hii nini?”

“Dawa tu, papa,” Gad alisema polepole. “Maji ilikuwa inaingia kidogo, mwezi wa tatu. Nikamwaga simenti, ikakauka. Kila mutu anafanya.”

“Dawa ya boti, ama dawa ya macho?”

Kamikazi alishuka ngazi, akagonga mahali pale kwa nje mara moja, si kwa nguvu. Nyundo ikapita ndani kama kijiko kwenye ganda la yai. Mwanakwaya mmoja, mama Uwase, alimwita Mungu wake: “Mana yanjye.” Gakwaya aliinama kulitazama tundu lile, kisha akatuambia tutafute basi.

Mtu mwingine angemwachia Gad makosa yote, na tungemwamini. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vikubwa ambao hawajawahi kukosea hata siku moja. Kila mara aliyekosea ni wa chini yao. Vénuste alituambia, “Simenti ni ya Gad. Kutoingia ndani ni kwangu. Mungeweza kufa na jina langu mufukoni.”

Umurava ilishuka majini Alhamisi iliyofuata, baada ya baba na binti kuigonga pamoja, nje na ndani.

Lile bati lililotoboka Vénuste alilitundika kwenye mlango wa karakana, akaandika juu yake kwa chaki: *Mbonigaba hakuingia ndani.* Gad, ambaye siku hizi huja kujifunza kwake, alimwomba afute maneno hayo.

“Papa, wateja watakimbia.”

“Watakimbia na nini? Boti zao ziko juu ya reli yangu.”

Mvua ya Rubona hulifuta andiko hilo yenyewe. Nilipita pale wiki iliyopita, asubuhi baada ya mvua. Boti ilikuwa ikingoja, mwenye boti amesimama na haraka zake. Vénuste alikuwa mlangoni na chaki, akiandika upya kabla ya kugonga hata bati moja, nyundo bado iko mfukoni.